Sifuri ya Arica

Zima, Gumersindo. Usiniungurumie getini.
Zima injini, ufunguo uache nusu, taa za dashibodi ziwake,
kisha nyamaza tuitazame geji.

Unaona? Injini imelala, turbo haizunguki,
na mshale uko chini ya sifuri, umeinama
kama mtu aliyekutana na anayemdai.
Ndiyo maana umeniletea kihisi cha tatu ndani ya boksi la viatu,
risiti umeikunja mara nne,
na matusi ya kumtosha shemeji yako aliyekuuzia.

Kihisi ni kizima.
Lete simu yako tusome kinachosema chenyewe
kabla geji haijakitafsiri:
sitini na mbili.
Jana alfajiri, bandarini Arica, lori likinuka unga wa samaki,
kilisema mia na moja.
Hakikuongopa jana, hakiongopi leo.
Kinaanza kuhesabu kwenye utupu, pasipo hewa kabisa,
wala hakiulizi umezaliwa wapi.

Geji ndiyo yenye kwao.
Aliyeiunda aliketi karibu na maji
akaiagiza: toa mia na moja kwanza,
kitakachobaki ndicho kazi ya turbo.
Nayo, mtiifu, inatoa mia na moja
hata huku El Alto,
ambako mia na moja haijawahi kufika, si kwa mguu, si kwa basi.
Sitini na mbili toa mia na moja. Haya, piga hesabu.
Ni deni. Deni la hewa
ambayo hukuikopa.

Ile geji ya kale, ya kibomba chembamba,
iliyokuwa kwenye Volvo ya baba,
ilianza sifuri pwani, ikaanza sifuri mlimani,
kwani ilijua kulinganisha ndani na nje tu.
Usiisifu upesi. Nayo ilikuwa na upofu wake:
baba akiipanda Tambo Quemado na shehena ya ngano,
geji ikimwambia nusu baa, nusu ileile ya pwani,
huku lori linatambaa na moshi mweusi unamfuata
kama mazishi.
Nusu juu ya nini? Juu ya bahari, au juu ya hewa iliyokonda?
Hakuuliza. Alikanyaga.
Turbo ikapiga mluzi mpaka chuma kikawa chekundu,
inakamata kwa mikono miwili kitu kisichojaa kiganja.

Mwaka aliostaafu alishuka kwa dada yangu, akaugua kikohozi.
Wakampima damu, hospitali ile yenye feni.
Daktari kijana akatikisa kichwa:
nzito mno, mzee, chembe zimezidi, haya ni maradhi.
Wakamtoa nusu lita.
Akarudi huku amepauka,
ngazi saba za nyumba yake akazipanda kwa kupumzika mara mbili.
Hakulalamika. Alikuja hapa gereji,
akakaa kwenye tairi lile, akaitazama Volvo isiyo na injini,
akasema, Nicanora,
wamenipima kutoka chini.

Basi. Sikuuzii kihisi.
Ningeweza kuisogeza sifuri yako hapa hapa, dakika tano,
lakini ukishuka utakuta mshale umepanda na injini imelala,
utarudi kuniita mwizi.
Shika hii kalamu ya wino mzito. Kwenye kioo, pembeni, andika:
Arica, sifuri.
El Alto, thelathini na tisa chini.
Kati yake utajaza mwenyewe, kila unaposimama kukojoa.

Hicho cha boksini mrudishie shemeji.
Na usiwashe bado.
Midomo yako imekuwa bluu, kijana wa bandari,
unahema tangu ufunge mlango wa lori.
Chai ya koka iko jikoni. Kaa.
La, si kwenye tairi lile.